Kadi ya sauti ya sabufa ya 5.1: chungulia nyuma ya sabufa kwanza

Kabla hujatoa hela kununua kadi ya sauti (kifaa cha kompyuta cha kutolea sauti) kwa ajili ya sabufa ya 5.1 (spika tano na besi moja), washa tochi ya simu, vuta sabufa kutoka ukutani uichungulie mgongoni. Matundu utakayoyakuta pale ndiyo yatakayokuchagulia kadi, wala si muuzaji na boksi lake lenye picha ya spika saba.

Mimi nilianzia kwenye boksi. Nilinunua kidude cha USB, ukubwa wake kama kidole gumba, kimeandikwa 7.1 kwa rangi ya dhahabu. Kina matundu mawili tu: la hedifoni na la maiki. Nikachomeka, nikawasha filamu, nikaenda kukaa kwenye kochi nikisubiri helikopta ipite nyuma ya kisogo changu. Spika za nyuma kimya. Nilipotulia nikapiga hesabu ambayo ningeipiga dukani: pini ya kawaida ya milimita 3.5 hubeba chaneli mbili, kushoto na kulia, basi. Hiyo 7.1 ni ujanja wa programu wa kuyahadaa masikio ndani ya hedifoni. Kwenye orodha ya njia nne nitakayoitoa hapa chini, vidude vya aina hiyo vinashika mkia, ingawa kwa laptop iliyokufa tundu la hedifoni vinaokoa jahazi.

Sasa turudi mgongoni mwa sabufa. Ukikuta matundu mawili tu ya RCA (yale ya duara kama ya deki ya DVD), jekundu na jeupe, hiyo ni 5.1 ya jina. Inapokea sauti ya kushoto na kulia, halafu inajigawia yenyewe kwenye spika zote. Hakuna kadi duniani itakayoibadilisha, kwa hiyo hela yako ibaki mfukoni. Ukikuta matundu sita ya RCA yaliyoandikwa FL, FR, SL, SR, CEN na SW (mbele kushoto na kulia, nyuma kushoto na kulia, kati na besi), au matatu madogo ya kijani, jeusi na la chungwa, hapo una 5.1 ya kweli na maneno yafuatayo yanakuhusu.

Nafasi ya kwanza: kadi uliyo nayo tayari

Watu wengi hawajui kwamba mazabodi (bodi kuu) ya kompyuta yao ya mezani inatoa chaneli sita. Ikiwa nyuma kuna matundu matano au sita ya sauti yenye rangi, umemaliza: kijani ni spika za mbele, jeusi za nyuma, la chungwa ni spika ya kati pamoja na besi. Hata yakiwa matatu tu, mazabodi nyingi zenye chipu ya Realtek zinaweza kugeuza la bluu liwe la spika za nyuma na la pinki liwe la kati na besi. Unabadilisha kwenye programu yake ya sauti. Gharama ni waya tatu, kila mmoja ukiwa na pini ya 3.5 upande huu na RCA mbili upande wa pili, au 3.5 pande zote mbili kama sabufa yako ni ya matundu matatu madogo. Jaribu hili kabla ya jingine lolote.

Ya pili: kadi ya ndani ya bei ya chini

Hii ni ya wenye kompyuta za ofisi zilizotumika, zile Dell OptiPlex na HP nyembamba ambazo mara nyingi zina tundu moja au mawili ya sauti. Chaguo langu ni Creative Sound Blaster Audigy FX. Inatoa 5.1, inakaa kwenye sloti fupi ya PCIe (nafasi ya kuchomekea kadi kwenye mazabodi), na hutoka kiwandani na kipande kifupi cha bati kwa ajili ya keshi (kasha la kompyuta) nyembamba. Ukinunua iliyotumika, ulizia hilo bati kabla ya bei. Bati refu haliingii kwenye keshi nyembamba, na utabaki na kadi inayoning'inia kama jino bovu. Sloti fupi ikiwa imejaa, kadi hiyohiyo inakubali kukaa kwenye sloti ndefu ya kadi ya picha.

Muuzaji atakuonyesha kadi ya Sound Blaster Z, yenye usafi wa sauti wa desibeli 116 dhidi ya 106 za Audigy FX. Tofauti ipo kwenye karatasi. Kwenye sabufa inayovuma yenyewe hata bila muziki, sitailipia.

Ya tatu: kadi ya nje ya USB

Kwa mwenye laptop ndiyo njia kuu, na imeshuka hadi hapa kwa sababu sokoni imejaa uongo. Kanuni yangu ni kuhesabu matundu ya kutolea sauti, kuacha ya maiki. 5.1 inahitaji matatu. Pungufu ya hapo rudisha kwenye boksi. Asus Xonar U7 inatimiza, na hata visanduku visivyo na jina vyenye chipu ya CM6206 vinafanya kazi, japo maiki yake usitegemee kurekodia.

Ya nne: HDMI na tundu la mwanga

Sabufa au amplifaya yenye HDMI ya kuingizia haihitaji kadi ya sauti kabisa. Kadi yako ya picha tayari inaweza kupitisha hadi chaneli nane. Angalia tu lisiwe tundu la ARC peke yake, maana hilo linapokea sauti kutoka kwenye TV, si kwenye kompyuta.

Tundu la mwanga (optical), linalopitisha sauti kwa mwanga badala ya umeme, ndilo lenye mtego. Waya ule hauna nafasi ya chaneli sita zisizobanwa. Filamu ya DVD yenye Dolby Digital (mfumo wa kubana sauti ya chaneli nyingi) inapita vizuri kwa sababu imeshabanwa, lakini gemu hutoa sauti mbichi, nayo itafika ikiwa stirio tupu. Mwenye spika kama Logitech Z906 anayecheza gemu atahitaji kadi inayobana papo hapo kwa Dolby Digital Live, mfano Sound Blaster Z hiyohiyo au AE-5 Plus. Ila Z906 ina matundu ya chaneli sita pia, kwa hiyo waya tatu za nafasi ya kwanza, zile zenye 3.5 pande zote mbili, zinakutosha. Faida halisi ya waya wa mwanga ni kukata mvumo, kwani haupitishi umeme. Laptop ikivuma kwenye spika na ukichomoa chaja mvumo ukaisha, tatizo ni umeme wa chaja, na kadi mpya inaweza isikusaidie.

Ukishafunga, fungua mipangilio ya sauti ya Windows, chagua 5.1, bonyeza kujaribu spika moja moja. Ikifika zamu ya spika ya kati, sikiliza kwa makini. Kwangu mlio ulitokea kwenye besi, na kwenye filamu waigizaji wakawa wanaongea kama wamefungiwa ndani ya pipa. Sikuwa nimeharibu kitu: baadhi ya sabufa zimegeuza hizo chaneli mbili. Badilisha RCA ya CEN na ya SW, au tafuta kwenye programu ya kadi pa kuzigeuzia.

Na usipime kwa YouTube, video nyingi za huko ni stirio. Spika za nyuma zitanyamaza, nawe utamrudia muuzaji wa watu bure.