Chai Ilivyowaumbua Wapima Gesi

Nilikuwa nimeshaweka nyota moja, nikafuta. Subirini niwaeleze.

Nalea watoto wadogo Pangani, chumba cha chini kabisa, kwenye ploti ambayo zamani ilikuwa kituo cha petroli. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi nikifungua mlango harufu ndiyo inayonikaribisha. Basi nikaita kampuni ya kupima gesi ya chini ya sakafu, kwa pesa ambazo hata mume wangu sijamtajia.

Akaja kijana na drili na mtungi wa chuma wa lita 6, ulionyonywa hewa yote ili uvute wenyewe polepole, karibu nusu saa. Akatoboa tailizi zangu, akashindilia kijibomba, akafungua mtungi, akazama kwenye simu. Nikamletea chai. Akaiweka sakafuni, akaipiga teke, kikombe kikang'oka mkono. Chai ikakizunguka kile kijibomba, na jamani, ikazama! Yote. Yakabaki majani tu juu ya tailizi. Mimi sijasomea gesi, lakini pakipita chai, hewa ya chumbani itashindwaje? Si mtungi unajaa harufu ya uji wa watoto?

"Mama, hizi ni mambo za kitaalamu," akaniambia, macho kwenye simu.

Baadaye majibu yakaja: safi kabisa. Nikakataa kumalizia deni, nikapiga simu ofisini bila adabu hata chembe.

Sasa hapa ndipo ninapojikanyaga. Akaja mkubwa wake, dada mmoja mtulivu, wala hakubishana. Akaziba upya kwa udongo wa bentonaiti, ule unaovimba ukilowa. Akafunika kijibomba kwa beseni, akajaza heliamu humo ndani, akapima kama inapenya hadi kwenye bomba. Haikupenya. Ndipo akachukua sampuli nyingine, bure. Safari hii wamepata benzini, ile ya kwenye petroli, inayoleta saratani ya damu. Watoto nimewahamishia kwa dada yangu Ngara.

Kwa hiyo yule dada, nyota tano. Kampuni nayo, tuseme nne.

Ila jana nilipita kuchukua magodoro nikaona walivyoziba tundu: simiti ya kijivu, imebonyea, katikati ya tailizi nyeupe. Mbili! Na kile kikombe hakuna aliyekitaja.