Kompyuta ya steshenari yangu iligoma kuwaka: uzoefu wangu na fundi wa Majengo, Dodoma

Nina steshenari ndogo Ng'ong'ona, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma. Nachapa, natoa kopi na kujalidi tasnifu za wanafunzi. Kompyuta mpakato ninayotumia niliinunua Kariakoo ikiwa imeshatumika, ina RAM (kumbukumbu ya muda, inayotumika mashine ikiwa imewaka) ya GB 8 na diski ya kuzunguka ya GB 500 ya kuhifadhia mafaili, na kwa miaka minne haikunisumbua. Asubuhi moja ya Julai nikabonyeza kitufe: taa ikawaka, feni ikavuma, kioo kikabaki cheusi tii. Nikazima, nikawasha tena. Hivyo hivyo.

Ndani yake mlikuwa na tasnifu saba za watu na hesabu zote za kikoba chetu cha akina mama, ambacho mimi ndiye mweka hazina. Mikono ilikuwa inatetemeka wakati naifunga kwenye kitenge kuipeleka mjini.

Fundi wa kwanza hakuifungua hata skrubu moja. Aliiwasha, akaisikiliza, akasema bodi imeungua, nilete shilingi 280,000. Nilipomwambia sina, akasema basi aipige Windows upya kwanza tuone. Nashukuru niliichukua nikaondoka. Baadaye nimeelewa kwamba kama hata alama ya mtengenezaji haitokei kwenye kioo, mashine haijafika kwenye diski, sembuse Windows. Kupiga Windows upya kusingetibu kioo cheusi, na kungeweza kufuta kila kilichomo.

Jirani yangu wa mgahawa ndiye aliyenielekeza Majengo, kwa kijana mwenye meza yake pembeni ya duka la vifaa vya simu. Sifa yake ya kwanza nimeiona kabla hajashika bisibisi. "Shikamoo mama. Ilianguka? Iliingia maji? Umeme umekatika ikiwa imewaka?" Kwa hilo la tatu nikamwambia ndiyo, mara mbili wiki ile. Betri yangu ilishakufa zamani, naitumia kwa umeme wa moja kwa moja, ukikatika nayo inazimika papo hapo. Akatikisa kichwa, akaandika kwenye daftari.

Akachomoa chaja, akatoa betri, akabana kitufe cha kuwashia kwa sekunde kama 30 ili umeme uliobaki ndani uishe. Akawasha: bado cheusi. Akaunganisha kioo cha pembeni kwa waya, nacho hakikuonyesha kitu. Akanieleza kwamba kile cha pembeni kingeonyesha picha tungejua ni kioo changu au waya wake tu. Kisha akanionyesha kitaa cha herufi kubwa kwenye kibodi, kinapepesa, kinatulia, kinapepesa tena kwa idadi ile ile. Mimi nilikuwa nakiona tangu asubuhi bila kujua kwamba mashine inataja ugonjwa wake. Kila kampuni ina hesabu yake ya mipepeso, akatafuta ya aina yangu kwenye simu. Ikasema RAM.

Alipofungua kifuniko cha chini niliona aibu, kisha huruma. Vumbi lilikuwa limelala ndani kama unga wa uwele, limeziba matundu yote ya feni. Duka langu linatazama barabara ya udongo, na upepo wa Dodoma miezi ile ya kiangazi hauchagui mlango. Akatoa vijiti viwili vya RAM, vya GB 4 kila kimoja. Vile vijino vya rangi ya dhahabu vilikuwa vimefifia, vina ukungu wa kahawia. Akavisugua taratibu kwa ufutio wa shule, akapangusa kwa spiriti, akavirudisha kimoja kimoja, akiwasha kila mara ili ajue kama kijiti ni kibovu au ni tundu lake. Mara ya tatu alama ya mtengenezaji ikatokea. Nilipiga makofi peke yangu pale barabarani.

Furaha haikudumu. Vile vinukta vya Windows vikazunguka, vikazunguka, ikaandika kwamba inajaribu kujirekebisha, ikajizima, ikaanza upya. Kijana akasogeza sikio: diski ilikuwa inagonga, tik, tik, kama saa ya ukutani. Akazima mara moja. Akasema diski inayogonga haitakiwi kuwashwawashwa, kila ukiwasha unaipunguzia siku, na kabla ya kurekebisha chochote tunanakili mafaili kwanza. Kwa neno hilo moja niko tayari kumsifu mbele ya mtu yeyote. Kwa mwenye steshenari mashine inanunulika tena, lakini sura ya nne ya tasnifu ya mtoto wa mtu hainunuliki.

Akaitoa diski, akaichomeka kwenye kompyuta yake kwa kebo ya USB. Alianza saa nane mchana, hadi naondoka jioni ilikuwa haijafika nusu. Mwisho wa yote mafaili mawili tu yaligoma, na la muhimu kati ya hayo mwenyewe alikuwa nalo kwenye barua pepe.

Sasa yale yasiyonipendeza. Aliniambia kesho yake ingekuwa tayari, nikaipata siku ya tatu. Siku ya pili hakupokea simu, na nilipata hofu kubwa, maana wateja nilikuwa nimewapeleka kwa jirani. Angetuma hata ujumbe mfupi. Risiti pia mpaka niliomba, ingawa alipoandika aliandika vizuri, pamoja na dhamana ya miezi sita ya diski mpya aliyoniwekea badala ya ile inayogonga. Nililipa shilingi 75,000 za diski hiyo, SSD (aina isiyo na kinachozunguka ndani) ya GB 256, na 30,000 za kazi, jumla 105,000. Diski ya zamani alinirudishia bila kuulizwa.

Zamani nilikuwa nawasha mashine kisha nafagia duka zima ndipo iwe tayari. Sasa haimalizi nusu dakika. Aliniambia wazi pia kwamba prosesa yake ni ya zamani, haikubaliki kwa Windows 11, na Microsoft waliacha kutoa masasisho ya kawaida ya Windows 10, yakiwemo ya usalama, tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo miamala ya kikoba siifanyi tena humo.

Wiki iliyofuata tovuti zote zikaanza kuniambia muunganisho si salama. Nikampigia, akaniuliza tarehe ya kompyuta inasemaje. Ilikuwa imerudi 2016. Kile kibetri kidogo cha duara, kama sarafu, kinachoshika saa kilikuwa kimekufa, na vyeti vya tovuti, vile vinavyoithibitishia kompyuta kwamba tovuti ni yenyewe, vina tarehe ya kuanza na ya kwisha, kwa hiyo kwa mashine yangu vilikuwa bado havijaanza kutumika. Nilirudi Majengo, akakibadilisha kwa 3,000, kazi hakudai. Siku hiyo hiyo nikamwagiza na ile betri kubwa ya kompyuta, badala ya iliyokufa zamani.

Juzi umeme ulikatika saa tano asubuhi, binti mmoja amesimama kaunta nikiwa katikati ya kupanga jedwali lake. Printa ikanyamaza, feni ya dukani ikasimama. Kioo kikafifia kidogo tu. Nikahifadhi faili lake, nikamgeuzia kompyuta alione.