Uzoefu wangu: gramafoni ya begi kwa santuri za zamani, miezi 14 Mtwara

Naizungumzia ile gramafoni ndogo yenye umbo la begi: vibanio viwili mbele, spika mbili ndani, spidi tatu (33, 45 na 78, yaani mizunguko kwa dakika), adapta ya volti 5. Kampuni siitaji, maana ukizifungua karibu zote ni moja: mota ndogo, mkanda wa mpira, na kichwa cha seramiki (kile kinachoshika sindano mwishoni mwa mkono) chenye kisindano cha plastiki nyekundu. Yangu ilisimama shilingi 190,000 pamoja na nauli ya mzigo kwenye basi kutoka Dar. Kazi yake kwangu ni moja tu, kupima santuri kabla sijalipa. Kwa kazi hiyo naipa nane kwa kumi. Kwa kusikilizia muziki kila jioni naipa tatu, na hiyo tatu ni ya huruma.

Kasoro kubwa ni uzito wa sindano, yaani jinsi inavyoikandamiza santuri. Niliupima kwa mizani ndogo ya kidijitali, aina wanayotumia masonara, inayosoma hadi gramu 0.01. Ikaja gramu 5.4. Vichwa vingi vya sumaku vya gramafoni za maana hukaa kati ya gramu 1.5 na 2.5. Ukitaka kupima yako, hakikisha uso wa mizani uko kimo kilekile cha santuri, kwa sababu mkono wa mashine hizi una springi na ukiunyanyua juu zaidi namba inakudanganya. Uzito huo hauui santuri kwa mchezo mmoja kama watu wanavyotishana. Kinachoua ni uzito ukikutana na sindano iliyochakaa. Ncha ya safaya inayokuja na mashine ihesabu saa 50 hivi. Upande wa LP (santuri kubwa ya spidi 33) ni dakika 20, kwa hiyo saa 50 ni pande 150, yaani LP 75 tu. Mtu aliyefunguliwa makasha mawili ya santuri na mzee fulani wa Mikindani, mji wa jirani, anaimaliza sindano hiyo ndani ya mwezi. Weka ya almasi, inafika saa 500 na kuendelea. Kubadilisha ni dakika moja: bonyeza pua ya plastiki kwenda chini, vuta mbele, ingiza mpya hadi isikike "tik".

Utajuaje imechoka? Sikiliza wimbo wa mwisho wa upande, ule ulio karibu na lebo. Pale mduara ni mdogo na mfereji (ule mchirizi sindano inaoufuata) unapita taratibu chini ya sindano, hivyo sauti kali zimebanana. Herufi "s" zikianza kuchanika na matoazi yakawa kama samaki anayekaangwa, toa sindano kwanza ndipo uilaumu santuri.

Sasa kuruka. Ushauri utakaopewa na kila mtu ni kubandika sarafu juu ya kichwa. Usifanye, tayari una gramu tano pale. Tafuta sababu. Mara nyingi ni spika zenyewe: zimo kwenye boksi moja na mkono, kwa hiyo besi na ngoma za rock zinautikisa mkono nao unaruka. Teremsha volyumu yote, chukua waya wa RCA (ule wa plagi nyekundu na nyeupe wa kutolea sauti) nyuma, chomeka kwenye sabufa upande wa AUX. Kwenye yangu RCA inatoa sauti ileile hata volyumu ikiwa sifuri. Sabufa isikae meza moja na gramafoni, wala si kwenye kabati linaloigusa. Sababu ya pili ni santuri iliyopinda. Sahani ya mashine hii ni ndogo kuliko LP ya sentimita 30, ukingo unaning'inia hewani, na santuri iliyopinda inakwaruza bati la nyuma kila mzunguko. Upindaji mwingi wa huku unatokana na buti la basi saa saba mchana. Mwambie muuzaji azibane katikati ya vipande viwili vya plaiwudi vya sentimita 33, si maboksi ya biskuti, na mzigo uandikwe usafiri na basi la usiku.

Spidi ilikuja ikikimbia. Huhitaji kifaa cha kupimia: bandika kikaratasi ukingoni, weka 33, hesabu mizunguko kwa dakika tatu. Iwe 100 kamili. Yangu ilipiga 104, ndiyo maana waimbaji wote walikuwa kama watoto. Kwenye 45 hesabu dakika moja tu. Chini ya begi kuna vitundu vyenye skrubu ndogo za kurekebishia. Tumia bisibisi ya fundi simu, zungusha kidogo sana, hesabu upya. Spidi ikiyumba badala ya kukimbia, hapo ni mkanda. Joto la pwani linaulegeza. Rababendi haifai hata kwa dharura, maana unene wake haulingani na muziki unakuwa kama umelewa. Umeme ukikatika (na sisi wa Mtwara wenye gesi ya umeme ya Mnazi Bay tunakatikiwa kama wengine) power bank ya kawaida ya volti 5 inaiendesha bila shida.

Santuri ndogo za 45 ndizo utakazozikuta kwa wingi huku, na nyingi zina tundu kubwa la milimita 38 wakati kijiti cha mashine ni milimita 7. Kipete cha katikati kilichokuja na yangu kilivunjika wiki ya pili. Cha kuchonga kwenye soli ya kandambili kinafanya kazi, mradi tundu liwe katikati kabisa. Likienda pembeni milimita moja, filimbi na gitaa la solo vinapanda na kushuka kama mashua.

Spidi ya 78 ni urembo. Santuri za 78 zina mfereji mpana unaotaka ncha ya mikroni 75 hivi (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), na hii iliyofungwa ni ya mikroni 18. Inazama hadi chini kabisa ya mfereji, inakokota vumbi la miaka, husikii ila chakarachakara. Hili linauma kwa sababu Lindi na Mikindani santuri za India zipo, na India waliendelea kutoa 78 hadi miaka ya 1960, zikiwemo za Beatles. Ukiipata moja ya hizo usiijaribu kwa sindano nyekundu. Itazame kwa tochi tu, na pitisha ukucha: mkwaruzo unaokwama kwenye ukucha utasikika, usiokwama huenda usisikike. Wala usiisafishe kwa spiriti. Zile ni sheleki, aina ya utomvu mgumu, na spiriti inaiyeyusha.

Za vinaili, yaani za plastiki kama LP, ninaosha hivi: maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke sehemu tatu, spiriti safi ya duka la dawa (isopropili) sehemu moja, tone moja la sabuni ya vyombo kwa nusu lita. Kitambaa laini, fuata mfereji kwa mviringo, lebo isilowe. Suuza kwa maji yaleyale bila sabuni. Maji ya kisima huku yana chumvi, yakikauka yanaacha chembe ndani ya mfereji. Na ukinunua hayo maji ya mvuke dukani taja kabisa "maji ya kuongezea betri", usije ukauziwa asidi.

Unyevu ndio uliobaki, na hapa mashine ilianguka vibaya. Mwezi wa sita tundu za RCA zilikuwa na kutu ya kijani. Mvua za Januari hadi Machi zikaotesha ukungu kwenye ile ngozi bandia, gundi ikaachia pembeni. Usiifunge begi ikiwa na santuri ndani, hata usiku mmoja. Mimi naiacha wazi, nimeifunika kwa kanga, na pakiti ya silika jeli ya gramu 50 chini ya mkono. Ikibadilika rangi naikausha kwenye sufuria juu ya moto mdogo wa mkaa, sufuria isiyopikiwa tena, kwa sababu ile ya bluu ina kobalti. Mchele watu wanaousifia unaleta fukusi tu. 

Kuna santuri ambazo hupaswi kuziweka kwenye mashine hii kabisa, hata kwa kupima. Toleo la kwanza la rock ya Zambia ya miaka ya 1970, la bendi kama WITCH au Ngozi Family, likikufikia mkononi, lipime kwa macho na tochi, soma namba zilizochongwa kandokando ya lebo, kisha subiri upate mtu mwenye mkono wa gramu mbili.