Chavua au jino: kipi kinasoma vizuri mazingira ya kale?

Anayechunguza mazingira ya kale Arusha au Moshi hulikuta swali hilo mapema. Wengi hukwama kwenye uhifadhi, yaani nini hudumu ardhini. Chavua hudumu ndani ya tope lisilo na hewa, kama la Ziwa Chala chini ya Kilimanjaro, ambako mwaka 2016 zilichorongwa zaidi ya mita 200 za tope. Kwenye udongo wa magadi unaolowa na kukauka, kama sehemu nyingi za Oldupai, huoza. Enameli, tabaka gumu la nje la jino, hustahimili. Laetoli ina meno ya zaidi ya miaka milioni 3.

Chavua hukutajia aina za miti. Ila nyasi karibu zote hufanana chini ya hadubini, na chavua ya mpodo, mti wa misitu ya milimani, hupeperushwa mbali kutoka mlimani, hivyo usidhani msitu ulikuwa papo hapo. Isotopu za kaboni (aina za kaboni zenye uzito tofauti) kwenye enameli hutenganisha wanyama wanaokula majani ya miti (kipimo karibu -12 kwa elfu) na wanaokula nyasi za nchi za joto (karibu 0). Pundamilia peke yake atakupotosha: hutafuta nyasi hata penye miti mingi. Pima spishi kadhaa.

Gharama? Chavua hutaka tope kidogo, asidi ya hidrofloriki, ambayo ni hatari mno, na kuhesabu punje 300 hivi kwa sampuli. Jino hutaka miligramu chache za unga, lakini kovu halifutiki.

Mwenye tope na subira aanze na chavua. Mwenye meno na kibali cha kuyakwangua, enameli.