Saa nzuri ya mkononi bila kuuza ng'ombe

Anayeniomba ushauri wa saa namuuliza kwanza: unataka kujua saa ngapi, au unataka saa? Kama ni saa ngapi, simu unayo. Orodha hii ni ya mtu anayeitazama saa yake akiwa kwenye foleni, kisha jirani akimuuliza ni saa ngapi, inabidi aitazame tena.

1. Seiko 5. Jina hili lipo tangu 1963. Mjomba alirudi na ya kwake kutoka Muscat, majina ya siku yakiwa kwa Kiarabu na Kiingereza, na mpaka leo inatembea. Za sasa, Seiko 5 Sports zilizoanza 2019, nyingi zina mashine ya 4R36: unaweza kuzijaza nguvu kwa kuzungusha kile kifundo cha pembeni, na ukikivuta mshale wa sekunde unasimama. Za zamani zenye mashine ya 7S26 hazina hayo. Hujazwa nguvu na mkono unaotembea tu, kwa hiyo zikilala mezani siku mbili zinasimama, na unazitikisa kama chupa ya dawa ya kikohozi. Iweke sikioni kabla hujalipa. Inapiga mara sita kwa sekunde, ndiyo maana mshale unateleza badala ya kuruka. Kiwanda chenyewe kinaikubalia 4R36 ichelewe hadi sekunde 35 au iwahi hadi 45 kwa siku. Ndiyo, kwa siku.

2. Casio F-91W. Ya tangu 1989, gramu 21, betri yake hukaa miaka kama saba, na hukosea hadi sekunde 30 kwa mwezi. Ndiyo ya bei ya chini kuliko zote hapa, na ndiyo inayoipita Seiko kwa usahihi. Kilichoishusha ni kitu chetu wenyewe: ikiandika 7:00 lazima utoe sita kichwani. Kwenye saa ya mishale, namba inayotazamana na mshale mfupi ndiyo saa yetu. Mshale kwenye saba, ng'ambo yake moja: saa moja. Bibi alisoma hivyo maisha yake yote.

Bandia zake ni nyingi. Wanasema bonyeza kitufe cha chini kulia sekunde tatu, halisi itaandika CASIo. Muuzaji mmoja alinionyesha hivyo, nikalipa. Bandia nazo zimeshajifunza. Angalia basi maandishi yaliyochapwa usoni kama yamekaa sawa, na udai risiti.

3. Orient Kamasu. Kioo cha safaya kisichokwaruzika ovyo, na mita 200 za maji. Kama unaogelea baharini ningeipandisha juu. Mita 30 zinazoandikwa kwenye saa nyingi ni za mvua na kunawa mikono, si za kupiga mbizi.

4. Citizen Eco-Drive BM8180. Inajichaji kwa mwanga, hata wa taa. Ya asiyetaka kuonana na fundi. Mkanda wake wa kitambaa mimi ningeubadilisha.

5. Vostok Amphibia. Mrusi wa Chistopol. Kioo ni cha plastiki, mikwaruzo unaitoa kwa dawa ya meno. Ukifungua kifundo chake kinalegea kana kwamba kimevunjika. Kimetengenezwa hivyo makusudi. Naipenda, ila fundi wa mtaani kwetu akiiona anairudisha.

Ukienda kwa mitumba, tahadhari na Seiko 5 zenye uso unaometameta kwa rangi kali kuliko umri wake: uso umepakwa upya, na ukisogeza karibu utaona herufi zimevimba.

Jambo moja la mwisho kwa saa zenye tarehe za mashine. Usibadilishe siku kati ya saa tatu usiku na saa kumi alfajiri, maana meno ya ndani yameshaanza kuuma kuisogeza tarehe. Mjomba hakulijua hilo. Saa yake ilikaa Jumatano karibu mwaka mzima.