Kristali ya nishati: betri ya milioni moja isiyotaka kukaa peke yake

Habari zenu watazamaji, karibuni tena. Naongea nanyi kutoka Free Area hapa Nakuru, na huo mngurumo mnaousikia nyuma yangu si wa gemu, ni jenereta ya kinyozi wa hapo chini. Stima imepotea tangu saa nane. Laptopu yangu iko asilimia 58, kwa hivyo leo naongea upesi, na leo tunaongea habari ya betri.

Betri yenyewe huipati dukani. Ni ile kristali nyekundu ya IndustrialCraft 2, modi, yaani nyongeza, ya gemu ya Minecraft inayokuletea jenereta, nyaya, mashine na hasara. Wanaocheza kwa simu, poleni mapema: modi hii inakubali Minecraft ya Java pekee, ile ya kompyuta. Msinitumie ujumbe kuniuliza ya Android, haipo. Mimi naichezea kwenye toleo la 1.12.2.

Haya, tazameni skrini. Naweka kipanya juu ya kristali, mnaona maandishi? Milioni moja EU. EU ndicho kipimo cha stima humo ndani. Sasa nasogea kwenye betri ya kawaida, ile ya kwanza ambayo kila mtu huanza nayo ya bati na redstone, yale madini mekundu ya gemu: elfu kumi. Yaani kristali moja ni sawa na betri 100 za kawaida. Na usiniambie basi utabeba hizo 100, kwa sababu begi la mchezaji lina nafasi 36 tu na betri yenye chaji haikai juu ya nyingine. Ukijaza begi lote betri, bila chakula, bila sururu, unatembea na EU 360,000. Hata nusu ya kristali hujafika.

Kwa hiyo bidhaa ni nzuri. Ubishi uko kwenye bei.

Kuitengeneza unahitaji almasi nne. Unazitia kwenye mashine ya kusaga, mimi huiita posho mili, zinatoka vumbi. Halafu kwenye meza ya kuundia unapanga hivi: redstone pembe zote nne na moja katikati, vumbi la almasi kwenye zile nafasi nne zilizobaki. Unapata vumbi jingine, tisa kwa hesabu, na yote tisa yanaingia kwenye kompresa. Inabana, inabana, inatoa kristali moja. Tupu. Haina hata EU moja ndani.

Mara ya kwanza nilipoipata niliruka kwenye kiti. Nikaipeleka mbio kwenye BatBox, lile sanduku dogo la kuhifadhi stima ambalo wengi wenu mnalo, nikaiweka kwenye nafasi ya kuchajia. Haikuingia. Nikajaribu tena. Mpwa wangu alikuwa amekaa kando akila mahindi ya kuchoma, akaniuliza, "Anko, kwani imeharibika?" Haikuwa imeharibika. BatBox ni daraja la kwanza, kristali ni daraja la tatu. Mdogo hamchaji mkubwa.

Inayoweza kuichaji ni sanduku kubwa linaloitwa MFE. Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndipo mtu huuziwa mbuzi kwenye gunia. MFE inatengenezwa kwa nyaya za dhahabu, kasha la mashine, na kristali nne. Nne! Hizo hazirudi, zinakuwa sehemu ya sanduku. Ndiyo kusema ukitaka kristali moja ya kubeba mfukoni, unatengeneza tano. Almasi 20. Hili hakuna anayekuambia unapoanza, na ndilo linalonikera zaidi kwenye bidhaa hii.

Basi nikachimba. Wiki mbili za jioni. Nikapata MFE yangu, nikaiweka ubavuni mwa ile posho mili ili niokoe waya.

Mlipuko. Posho mili haipo, sakafu haipo, na mimi mwenyewe nimebaki na moyo mmoja na nusu. Kosa ni langu: MFE inatoa EU 512 kwa mpigo, yaani hatua moja ya saa ya gemu, na mashine ndogo inavumilia 32. Lazima kati yao kuwe na transfoma za kushusha. Mpwa wangu akacheka mpaka punje za mahindi zikamtoka mdomoni. "Imelia kama ile transfoma ya kwetu pale kona!" Sikumjibu, maana ni kweli.

Kuijaza sasa. Jenereta ya makaa inatoa EU 10 kwa mpigo, na kipande kimoja cha makaa kinazaa 4,000. Piga hesabu: makaa 250 kwa kristali moja. Mimi sikuweza, nikahamia jenereta ya jotoardhi, ambayo inatoa 20. Sisi watu wa Nakuru hii ni yetu, jamani. Olkaria pale Naivasha wanazalisha stima ya mvuke tangu 1981, na volkeno ya Menengai iko hapa juu ya mji. Tofauti ni kwamba kule wanatoboa ardhi kutafuta mvuke, na kwenye gemu unamwaga lava yenyewe kwa ndoo. Ingekuwa rahisi hivyo, ningepanda Menengai na ndoo mbili na punda.

Kwa EU 20, mipigo 20 kila sekunde, kristali inajaa kwa dakika 41 na ushei. Na hapa nilipata jambo la kuisifia. Jioni moja iko 640,000, stima ya nyumbani ikapotea. Nikahifadhi gemu, nikafunga laptopu. Niliirudia siku tatu baadaye: 640,000. Haijavuja hata EU moja. Ile pawabenki yangu ukiilaza siku tatu unaiamsha imekufa.

Matumizi ni mengi. Shika kristali mkononi, bonyeza kulia, inachaji vifaa vilivyo kwenye mstari wa chini wa skrini. Ni kiungo pia cha kutengenezea mavazi ya vita ya nano na upanga wake. Ya buluu, ile ya Lapotron, inabeba milioni kumi, lakini hiyo inaanza kwa kuila hii nyekundu, kwa hivyo tutaiongelea ukishapata almasi.

Uichukue? Kama una almasi chini ya 20, hapana, kaa na betri zako za bati, jenga BatBox mbili tatu, maisha yataenda. Kama unazo, tengeneza zote tano kwa siku moja, usifanye kama mimi wa kutengeneza moja na kuikodolea macho. Na tafadhali, transfoma kwanza.

Eeh, mmesikia? Kinyozi amezima jenereta. Stima imerudi. Ngoja nikachomeke laptopu, iko asilimia 31.