Fundi umeme aliyemaliza shida ya sensa ya oksijeni kwenye gari yangu

Jamani huyu fundi nampa nyota 5 bila kusita. Gari yangu nilibadilisha ekzosi, sensa ya oksijeni ya mbele (kifaa kinachopima oksijeni kwenye moshi wa gari) ikahamia chini zaidi na waya zake zikaungwa ili zifike. Tangu hapo taa ya injini haizimi, kodi ya hitilafu inayosomwa kwenye kompyuta ya gari ni ileile P0135, yaani saketi ya hita ya sensa, kile kipasha joto kilichomo ndani yake. Mafundi wawili walisoma kodi tu wakaniambia nunua sensa, nikanunua nikafunga, taa ikarudi siku hiyohiyo, iliniuma kwelikweli.

Huyu alichomoa plagi akapima ukinzani wa hita kwa mita, ohmu 6, akasema sensa nzima hii, haijaungua. Akapima upande wa gari swichi ikiwa on, volti 12 zipo. Sasa shida nini? Akaweka balbu ya kupimia badala ya mita, ikawaka hafifu kama inakufa, kumbe waya ukibakiwa na nyuzi mbili tatu mita inasoma 12 vizuri tu ila ukiubebesha mzigo umeme unashuka. Akaufuata kwa vidole mpaka pale palipoungwa, kuvua tepu, nyuzi zimeota kutu ya kijani na ganda limeyeyuka kwa joto la ekzosi. Akakata, akalehemu upya, akaufunga mbali na bomba. Taa haijarudi tena, na sensa inacheza kati ya volti 0.1 na 0.9 inavyotakiwa.

Ila uwe na subira, nilikaa foleni asubuhi nzima.